Jina la Mwanakheri

Shomari, mume wangu, aliipa kampuni yake ya programu za simu jina la binti yetu, Mwanakheri, kama marehemu baba yake alivyoandika jina la Shomari juu ya mlango wa duka. Nilifurahi mno. Kwa furaha hiyo tukaisahau sheria: jina ni la mmoja tu, awe mtu au kampuni, yule aliyesajiliwa nalo mwisho.

Cheti kilitoka Jumatatu. Jumanne lango la shule likamkataa mtoto, eti halimtambui.

"Baba Mwanakheri, kaifute hiyo kampuni leo hii!" nilimwambia.

"Usiniite hivyo!" Alifunga dirisha haraka. "Kuifuta ni miaka miwili. Mpaka hapo, mtoto akiitikia jina hilo, amejifanya kampuni. Watakuja kumchukua."

Basi tukamfundisha asiitike. Ana miaka saba tu. Alidhani ni mchezo, mpaka aliponiona nalia.

Jana nilikuwa jikoni nachambua mchicha, nikajisahau.

"Mwanakheri! Niletee ungo."

Mwanangu alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akawa anatikisa kichwa.

Simu ya baba yake, ile yenye programu ya kampuni, ikawaka mezani.

"Abee, mama," ikaitika, kwa sauti ya mwanangu.