Skrubu Fupi

Jumatatu, tarehe 8 Agosti 2022, saa nne asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya mtaa wa Langas, Oketch alisimama akimwangalia fundi aking'oa kitasa cha zamani. Kesho yake watu wangepiga kura, naye alitaka kitasa kipya cha umeme, kitakachofunguka kwa alama ya kidole chake peke yake.

Mwaka wa 2008, alipokimbia ghasia za baada ya uchaguzi, alimwachia ufunguo Mama Ruwayda, jirani mwenye duka. Aliporudi alikuta nyumba tupu, na kitasa hakina hata mkwaruzo. Siku hiyo hiyo aliongeza kufuli la pili. Ufunguo ule hakuudai; hakutaka kuonekana anamshuku mtu.

"Mzee, huu mlango uliwahi kung'olewa mzima upande wa bawaba, bila kitasa kuguswa," fundi alisema, akikwangua rangi. "Ona skrubu hizi. Ni fupi, na aliyezikaza hakuwa fundi."

Oketch alizigusa. Vichwa vilikuwa vimechubuka, kana kwamba skrubu zilikazwa kwa kisu cha jikoni.

Mama Ruwayda alikuwa mlangoni pa duka lake. Oketch alimwita, naye akavuka barabara, mtandio ukilowa.

"Nani alirudisha mlango wangu?"

"Ningeuacha chini, mvua ikunyeshee ndani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukueleza siku uliyorudi, Mzee. Ukatazama kitasa, ukanipa mgongo."

Oketch alimgeukia fundi. "Fundi, ingiza na kidole cha Mama."

Mama Ruwayda akatoa ufunguo wa zamani, akauweka kwenye kiganja cha Oketch.

"Kidole changu nakiweka kwa wino wa kura wa kesho," alisema. "Amana yako hii. Sina chako tena."