Shati la Kiangi

Katika nyumba za msaragambo, yaani za kazi ya pamoja ya kijiji, mlango humfungulia yule tu ambaye jasho lake limo ndani ya matofali. Serikali ilitoa saruji na mabati, watu wakajengeana, na nyumba ikishaezekwa haipokei mkazi mwingine.

Namkunda alipokuwa akifyatua matofali yao, Kiangi alikuwa mbali machimboni. Hakutaka kuishi katika nyumba isiyomjua mumewe. Akachukua shati la kazi ambalo Kiangi aliliacha, lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilivaa kitandani kila usiku tangu mumewe aondoke, akaliloweka na kulikamulia kwenye udongo. Majirani wakajifanya hawakuona.

Jioni moja Kiangi alirudi. Akaweka kiganja mlangoni.

"Simfahamu," mlango ulisema.

"Jipanguse mkono, mume wangu, ujaribu tena."

Akajipangusa kwenye suruali, akajaribu. Mlango ukarudia neno lile lile, kwa upole ule ule.

"Basi niingie nawe."

"Mgeni akilala ndani, serikali inatunyang'anya nyumba," Namkunda alisema. Neno mgeni lilikuwa limeshamtoka.

Akatoa mkeka, wakaketi barazani. Baridi ya milimani ilipoanza kuuma, akamletea lile shati. Kiangi alilivaa, akavuta kola hadi puani, akanusa, kisha akanusa tena kama mtu anayetafuta kitu.

"Hili ni shati langu?"

"Ni lako."

"Mbona lina harufu yako tupu?"

Namkunda aliinuka, akaweka kiganja mlangoni. Mlango ulimfungulia.