Okestra ya Mji Mkavu

Wanamuziki wote arobaini waliingia kwenye mazoezi na ala mkono mmoja, ndoo mkono wa pili. Ndoo waliziacha mlangoni zimepangwa foleni, ili mazoezi yakiisha washuke moja kwa moja bondeni kuchota maji.

Ndoo ya mwisho kwenye foleni ilikuwa ya Mwalimu, kiongozi wa okestra. Miaka ishirini na sita aliishi nao, akateka maji nao, akapandisha kilima nao. Na kwa miaka yote hiyo mji mzima ulimficha jambo moja.

Hakuwa yeye waliyemwomba.

Mwaka ule pampu ya mji ilikuwa imekufa. Halmashauri ikaandika barua ng'ambo kuomba mtaalamu wa kuifufua. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: mtaalamu wenu atafika Jumatatu. Jumatatu watu walijaa stesheni. Akashuka kijana mwembamba, mkoba mzito begani, amekumbatia sanduku la fidla kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Watu wakatazamana. Ni wazi barua ilikuwa imeangukia ofisi isiyohusika. Lakini mtu amesafiri siku nne, kavimba miguu, anatabasamu. Nani angekuwa na uso wa kumwambia arudi alikotoka?

Meya, mama mwenye sauti kali na moyo laini, ndiye aliyewaokoa. "Karibu, mwanangu," alisema. "Tumefurahi kuona umekuja na fidla. Hebu tupigie kidogo."

Kijana alishangaa, lakini akapiga. Kalikuwa kawimbo kafupi. Wakampigia makofi mpaka akainamisha kichwa kwa haya. Kabla jua halijazama alikuwa amepewa chumba, ukumbi wa halmashauri, na jina la Mwalimu.

Kesho yake aliulizia pampu.

"Pampu isikusumbue," Meya alisema upesi. "Fundi yuko njiani."

Mgeni aliutupia jicho mkoba wake mzito. "Ah," alisema. "Basi sawa, Mama."

Aliuliza tena mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata. Kila aliyemuuliza alimjibu vilevile, maana Meya alikuwa amewakanya wote; na fundi mwingine hawakumwomba, mgeni asije akaujua ukweli. Mwisho akaacha kuuliza.

Mji uliokwisha kumdanganya mtu hauwezi tena kumwacha peke yake ukumbini. Mchinjaji alijitolea kupiga besi. Kinyozi akachukua tarumbeta. Mama mmoja mjane alikabidhiwa ngoma kubwa, akawa anaipiga kama anadai haki yake. Binti yake, fundi cherehani, alikuja kushona mapazia ya ukumbi, akajifunza fidla, na mwaka wa tatu Mwalimu akamwoa. Hivyo yule mama wa ngoma akawa mama mkwe.

Mwalimu alikuwa na taratibu zake. Kila asubuhi alisoma kurasa mbili za kitabu kinene cha muziki, na jioni akafundisha kurasa hizohizo mbili. "Msomi huyo," watu walisema. Tromboni ya karani wa posta ilipoziba, aliifungua vipande vipande, akaizibua na kuifunga kabla chai haijapoa.

"Hawa watu wa muziki wa klasiki wanafundishwa kila kitu," kinyozi alisema.

Polepole kelele zikawa muziki. Mwaka wa kumi na mbili walialikwa mji mkuu, ukumbi wa viti elfu mbili, na watu wakasimama kuwashangilia. Gazeti moja liliandika kwamba halijapata kuona wanamuziki wenye mikono imara namna ile. Walilisoma kwa sauti huku wakipandisha kilima, kila mmoja na ndoo yake kichwani.

Kisha, mwaka wa ishirini na sita, mama mkwe akateleza.

Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na njia ya bondeni ilikuwa na utelezi. Alivunjika nyonga. Mwalimu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, na tangu siku hiyo akawa anachota ndoo mbili, yake na ya mama mkwe. Mkewe alimwona akipanda kilima huku anahema, akashindwa kula. Akamwendea mama yake kitandani.

"Mama, nitamwambia."

"Hutamwambia wewe," mama alisema. "Aliyeanza uongo ndiye aumalize. Niitie Meya. Na mimi nibebeni, nataka kuwepo."

Jumamosi, katikati ya mazoezi, Meya aliingia ukumbini kwa mkongojo. Alikuwa amestaafu zamani. Nyuma yake mama mkwe aliletwa amebebwa kitini. Mwalimu akasimamisha muziki.

"Mwanangu," Meya alisema, na sauti yake kali haikuwepo. "Sisi hatukuomba mwanamuziki. Tuliomba fundi wa pampu. Barua ilipotea njia, ukaja wewe, tukaona haya kukurudisha. Hapajawahi kuwa na fundi yeyote njiani. Tulikuwa tunakulinda usijione umeletwa kwa makosa. Tusamehe."

Mchinjaji aliinamia besi yake. Mkewe Mwalimu alijifunika uso kwa viganja.

Mwalimu alilaza kijiti chake cha kuongozea juu ya karatasi za muziki. Midomo ilimcheza, wakadhani atalia.

"Barua haikupotea, Mama," alisema. "Fidla nilibeba ya kujiliwaza safarini tu. Ufunguo wa nyumba ya pampu anao nani?"