Mlango wa Ofisi ya Ardhi

Randa ilibandua ufito mzima wa mbao, na Niluka akauona mstari wake mwenyewe wa penseli.

Aliugundisha ufito ule mwezi Februari, jua lilipoukausha mlango wa ofisi ya ardhi hapa Ratnapura hadi ukaacha mwanya. Sasa ni Juni, mvua haikatiki, mlango umevimba tena, na fomu ya karani inasema upigwe randa.

"Fundi, si huu niliougundisha juzi tu?" alimwuliza mzee aliyekuwa akimfundisha useremala.

"Ndio huohuo. Februari utagundisha mwingine."

"Mwaka wa pili huu! Hata kigoda sijakiunga. Kwa nini tusitengeneze mlango mpya?"

"Mlango mpya unatolewa pale ambapo mlango haupo, mwanangu. Ndivyo fomu inavyotaka. Mimi nilipokuja hapa mwanagenzi, nilianza na huuhuu."

Niluka akamtazama. Kidole gumba cha mzee kilikuwa kimepinda, kimefuata umbo la mshikio wa randa, na hakikunyooka hata alipouacha.

Niluka akaiweka randa yake chini. Akachukua bisibisi, akaanza na bawaba ya chini.

"We binti, unafanya nini?" karani alifoka, kikombe cha chai mkononi.

Bawaba ya juu ilipoachia, mlango ukamwelemea Niluka. Fundi alisita kidogo, kisha akaja kushika upande wa pili.

"Bwana karani," Niluka alisema huku akihema, "jaza fomu nyingine. Andika mlango haupo."