Mke Asiyetajwa

"Siwezi kuongea, mke wangu kaninunia," sauti ya mzee ilisema kwenye simu. "Piga baadaye."

Simu ikakatwa. Afisa akabaki ameushika mkonga wa simu, mdomo wazi.

Ofisi nzima ilimwita Kifungu, kwa sababu hata chai hakuinywa kabla hajataja kifungu kinachoiruhusu. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia wazazi wanaolipa matunzo kupitia Mpango wa Msaada wa Watoto na Familia. Mzazi mlipaji, aliwaimbia kila siku, hulipa kwa wakati, husema akibadilisha kazi, na humtaja kila mtu anayeishi chini ya paa lake. Hilo la mwisho ndilo lililowaponza wengi.

Mlipaji wa leo alikuwa fundi kufuli. Huyu alilipa kabla hajaulizwa, na alipohamia karakana mpya alikuja mwenyewe kutoa taarifa, mikono ikiwa bado na grisi. Sasa alikuwa ameomba kitu kimoja tu: binti yake akae naye likizo nzima, badala ya siku mbili mbili za kuonjeshwa, zinazokwisha baba wa watu hajamaliza hata kumkumbatia. Alipoulizwa anaishi na nani, alijibu bila kupepesa macho, "Mimi na baba yangu mzee, basi."

Na kumbe huyo baba yake mzee ana mke!

"Wamenificha mwanamke," alisema Kifungu. Akakwapua mkoba wake, akatoka mbiombio.

Mlangoni kwa fundi alikuta ndala za waridi zenye vipepeo vinavyometameta. Alizitazama kwa jicho la pembeni. Mwanamke wa kujishaua, aliwaza, na akabisha hodi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, karibu na mlango wa chumba uliofungwa, amejikunyata kama mtu aliyekuja kukopa. Kiti kizuri cha sebuleni kilikuwa kitupu.

"Mbona hukai kitini, baba?"

"Kile ni cha mke wangu. Nikikikalia, hapa hapakaliki."

"Na yeye yuko wapi?"

"Humo. Kajifungia. Nimekula biskuti yake ya mwisho, binti yangu, na nimekoma."

Kifungu alitoa kalamu. "Kaja lini?"

"Jana jioni. Begi zima viatu!"

"Nani kamleta?"

"Mama yake. Kasema naye anataka kupumua."

Kifungu hakushangaa. Mwanamke wa ndala zile angemchosha yeyote. "Anafanya kazi gani?"

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mke wangu, kazi? Hata sahani hanyanyui! Kazi yake kuimba, na kuniuliza maswali mpaka kichwa kinaniuma."

"Mwanao anamvumilia?"

"Amvumilie? Ndiye anayemdekeza! Akirudi tu kazini, mimi sionekani tena. Anambeba mabegani, wanazunguka nyumba nzima wakipiga kelele."

Kalamu ilisimama. "Mkeo? Mabegani?"

"Majirani wote mashahidi. Na hamwiti ila 'mama'. Mama huku, mama kule. Mimi nimekaa tu hapa nimetoa macho."

Damu ilimpanda Kifungu kichwani. Mtoto wa watu aletwe akae likizo nzima kwenye vurugu hii? Akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio.

Hapo fundi kufuli akaingia, kisanduku cha vifaa mkononi. Alipomwona afisa, uso ulimchangamka, kisha ukaingiwa na hofu.

"Dada afisa! Karibu. Ombi langu limepita?"

"Fundi, unalipa vizuri, sikunyimi sifa yako. Lakini baba yako ana mke, yumo humo ndani, na wewe hukumtaja."

Fundi alimtazama baba yake. Mzee akatazama dari.

"Dada, huyo mke wake, ngoja nikueleze..."

"Sitaki maelezo! Kifungu ni kifungu." Alisimama, akanyoosha kidole kuelekea chumbani. Sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Binti yako hakai hapa likizo mpaka mwanamke huyo atoke!"

Fundi alipumua kwa nguvu. Akaweka kisanduku chini, akausogelea mlango na kuugonga taratibu.

"Mama, toka. Kuna mgeni."

Kisha kikasikika kiti kikiburutwa sakafuni mpaka mlangoni, mtu akakipanda kwa kuguna, na komeo likaanza kuhangaishwa. Kiti kikaburutwa tena. Mlango ukafunguka na mke akatoka, meno mawili ya mbele hana, gauni kaligeuza nyuma mbele, mwanasesere kwapani.

"Shikamoo," alimwamkia Kifungu kwa adabu zote. Kisha akamgeukia mumewe, mkono kiunoni.

"Babu, nimekuacha. Tutarudiana ukileta biskuti."