Moshi wa Ng'ambo

Moshi wa kwanza wa kijiji cha Longta ulipopanda, mzee Pan Jinshou akashusha pumzi. Ukafuata wa nyumba ya pili, kisha wa tatu, kama majirani wanaoombana moto. Uji wake wa mahindi ulipoiva, ng'ambo yote ya korongo ilikuwa inafuka.

Kwao Shangping paa lililofuka lilikuwa lake tu. Vijana walishukia viwandani Guangdong, wazee wakafuatana makaburini, kisha mafuriko yakachukua daraja. Tangu hapo Longta ikawa ya kutazamwa kwa mbali.

Adhuhuri akafika Wei Caiyun, binti wa wilayani aliyekuwa akipita vijijini kuhesabu watu. Hata hajaketi vizuri, mzee keshambandikia chai.

"Babu, mwanao kapiga simu tena ofisini. Anasema chumba chako kipo tayari. Gari linangoja huko chini."

"Lirudi tupu."

"Na ukianguka humu ndani, nani atajua?"

"Wale pale." Akanyoosha kidole ng'ambo. "Wasipouona moshi wangu, watauliza. Kijiji kizima kile, binti yangu! Nikiona wanapika, na mimi nainjika sufuria. Bila wao ningeshageukia ukuta nikafa zamani, basi."

Caiyun akakizungusha kikombe mikononi. Hakunywa.

"Kwao umeshafika?" mzee akauliza.

"Jana. Nilizunguka kwa barabara ya mlimani."

"Ehee! Sasa ndiyo umekuja. Hebu nipe habari. Wameoa mwaka huu? Watoto wapo? Sauti zao hazinifikii, upepo wa huku mchoyo sana."

Binti akainamisha uso. Mzee akaweka birika chini polepole.

"Usiniambie na wao wameanza kuhama."

"Babu, twende tu kwenye gari."

"Sema. Mimi si mtoto."

"Walishahama wote, babu. Nimemkuta bibi mmoja tu, Meng Yuzhen, mgongo umempinda. Kila asubuhi anabeba kaa la moto nyumba hadi nyumba, anawasha meko yasiyo na wenyewe. Nikamuuliza, bibi, kuni zote hizi za nini? Akanionyesha moshi wako. Akasema, 'Yule mzee kabaki peke yake. Asije akajua.'"