Meno Mapya ya Chui

Hebu mfikirie Chui aliyemng'ata Kobe gambani, meno yake yote ya mbele yakang'oka. Akawa kibogoyo, anacheka huku ameziba mdomo na kunywa uji kila mlo.

Siku moja alimwendea Bi Pimbi, fundi wa meno. Pimbi alichomeka vijiti vya chuma ndani ya mfupa wa taya, na juu ya kila kijiti akafunga jino jeupe. Chui alijitazama kwenye kioo, akafurahi mno. Kisha akamtazama Pimbi, jinsi alivyonona.

"Asante, Bi Pimbi. Sasa nitayajaribu kwako."

Pimbi alikuwa kwenye kona, hana pa kukimbilia. Akaendelea kuosha koleo lake.

"Jaribu tu, Bwana Chui. Ila mfupa bado haujavishika vijiti. Ukitafuna chochote kigumu kuliko uji, meno yote yatatoka."

"Mfupa utavishika lini?"

"Baada ya miezi kadhaa."

"Na yakitoka, nani atayarudisha?"

"Mimi," alisema Pimbi. "Nikiwa mzima."

 Chui alifunga kinywa polepole.

"Huo uji... uwe wa mtama au wa muhogo?"

"Wowote, mradi umepoa," alijibu Pimbi, akimfungulia mlango.

Tangu hapo Chui humwamkia Bi Pimbi kwa adabu, hata akiwa na njaa.

Nawe, mwanangu, nakuomba ukumbuke hili moja: kabla hujamng'ata mtu, jiulize kesho utamhitaji nani.